Mionzi Mirefu na Ndege wa Mpunga

Juzi hospitalini Kibiti nilikaa benchi moja na mkulima wa kijiji cha Mbuchi mwenye saratani ya njia ya haja kubwa. Daktari alimfuata hapohapo, mbele ya macho yetu sote.

"Kabla ya upasuaji kuna mionzi ya siku chache, au ya wiki kadhaa pamoja na vidonge. Uvimbe wako mkubwa, baba. Nashauri hiyo mirefu, ili uvimbe usinyae kwanza."

"Nipe mifupi. Mpunga unaiva, nani atakaa dunguni kufukuza ndege?"

Mkewe, aliyekuwa kando yake, akakaza kanga kiunoni. "Ndege wakila mpunga tutapanda mwingine. Wewe nikupande wapi?"

Mzee akamgeukia daktari. "Basi andika mirefu."

Wanaume wengi huku huchagua tiba kwa kutazama shamba. Huyu angalau alikuja na mke.