Mbegu Katika Sanduku la Bati

Katika zama za Wajerumani, nilipokuwa mwalimu wa shule ndogo upande wa Bigwa, niliishi katika ardhi ya ukoo wa mke wangu, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa hatua chache juu ya yetu. Masika yalikaribia, na unyevu ulikuwa umekwisha kuzikunja kurasa za vitabu vyangu. Kila nyumba ilitundika mahindi ya mbegu juu ya meko, yakawa meusi kwa masizi.

Mimi niliyachukia masizi. Nilipukuchua mbegu zetu zote, nikazifungia katika sanduku la bati lenye kifuniko cha kubana.

Mama mkwe, ambaye kwa heshima hakusema nami ana kwa ana, alisimama uani akamwambia kuku wake, kwa sauti ya kunifikia:

“Wewe kuku, kamwambie mwalimu mbegu hulala penye moshi. Humo kwenye bati zitafia.”

Mke wangu alicheka hata akaketi chini. “Kuku amenena, mume wangu. Mjibu!”

“Mwambie bati haliingiwi na panya,” nikamjibu mke wangu.

Juma lile nilileta mkate wa ngano kutoka mjini, nikauweka juu ya mbegu, sandukuni humo. Siku ya nne ulikuwa umeota ukungu: doa la kijani, na pembeni yake nywele nyeupe, laini kama za kitoto kichanga.

“Sanduku limekwisha kukujibu,” alisema mke wangu.

Nikamfafanulia kwa utaratibu kwamba mkate una maji, ilhali mbegu ni kavu. Nikautupa mkate, nikarudisha kifuniko.

Mvua ya kwanza iliponyesha, nilifungua. Punje zilikuwa zimeshikamana mabonge, zimevikwa ukungu wa kijivu, zikinuka kama pango. Hatukuwa na mbegu nyingine, na pasipo mbegu mwaka ule ungekuwa wa njaa. Kwa aibu nilishindwa kupanda zile hatua chache hadi kwa mama mkwe kuomba.

Kulipokucha, mlangoni petu palikuwa na mashada mawili ya mahindi, meusi ti. Mama mkwe alikuwa uani, amenipa mgongo.

“Wewe kuku, mwambie mwalimu niliwawekea tangu siku ile ya bati.”

Niliinama. “Shikamoo, kuku. Mfikishie mama shukrani zangu.”

“Marahaba,” akaitika mwenyewe, kabla ya kuku.

Hadi leo sijapata kufundishwa kwa upole zaidi ya ule. Tulipanda siku hiyohiyo, na mahindi yakaota.