Shangazi Anataka Nikamsomee Vitabu Alivyoninyang'anya

Admin, ukiipandisha hii nifichie jina, maana ndugu zangu wengi wamo humu na hawakosi la kukomenti. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nina watoto wawili, nimeachika, naishi Kibiti na nina kibanda cha kuuza madaftari na kalamu. Kwetu hasa ni Delta, upande wa Salale. Nina hasira ya miaka mingi, na wiki hii wameitonesha.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Wanunuzi wa kamba walikuwa wanaingia mpaka vijijini na masanduku yao ya barafu, na mitumba ilimwagwa kila gulio. Mimi nilikuwa nimemaliza la saba, na kabla majibu hayajatoka nikavunja ungo. Kwetu ukivunja ungo unawekwa ndani. Unakuwa mwali, hutoki, jua hulioni, wanaume hawakuoni, mpaka siku utakapochezewa ngoma. Kungwi wangu, yaani mwanamke wa kunifunda na kunilinda, alikuwa shangazi, dada yake baba.

Kaka yangu alikuwa anapeleka kamba Kibiti. Siku moja akamkuta muuza karanga anachana vitabu vya Kizungu vilivyokuja na marobota ya mitumba, anafungia karanga zake. Akavikomboa vitatu, akampa mama aniletee ndani. Vilikuwa na majalada magumu mekundu, vya zamani mno, vimechapwa kabla babu yangu hajaoa. Vyote vinahusu wasichana walewale wanne. Wanaendesha motokaa, wanapanda ndege, wanaingia mapangoni kusaka wezi, na hakuna anayewauliza wanakwenda wapi. Nilivipenda, na niliwaonea wivu wale wasichana mpaka nikalia.

Kiingereza changu kilikuwa cha la saba. Nilichoelewa nilikisoma, nisichoelewa nilikibuni kwa kuangalia picha, na nilisimulia kwa sauti, kwa Kiswahili, ili siku ipite. Shangazi alikaa mlangoni anasuka ukili wa mkeka, anajifanya hana habari. Nikinyamaza kidogo tu, namsikia: "Ehe, kisha?" Siku nyingine anafoka kabisa, "We mwali, usinikatie njiani, sema yule mwizi alikamatwa?"

Tulikuwa kwenye kitabu cha tatu, yule binti mkubwa kati ya wale wanne amenaswa pangoni, bahari inajaa, maji yamemfika kifuani, ndipo majibu ya mtihani yakatoka. Nilikuwa nimechaguliwa sekondari, msichana peke yangu kijiji kizima. Baba alikuja mpaka mlangoni, nikamsikia anasema, "Dada, tumtoe huyu mtoto awahi shule."

Shangazi akamjibu, "Mwali hatoki bila ngoma, na ngoma haichezwi mpunga haujavunwa. Unataka kumtia mwanao mkosi?"

Baba akaondoka zake. Nafasi yangu ikapotea hivyo hivyo, kwa maneno ya mlangoni. Tangu siku ile sikufungua tena kitabu. Shangazi alikuwa ananiuliza, "Na yule mtoto wa pangoni?" Namgeuzia mgongo.

Mpunga ulipovunwa nikatolewa, na mume alikuwa ameshatafutwa. Kwa mila yetu, vitu alivyotumia mwali ndani ni haki ya kungwi wake. Shangazi akachukua mkeka, kanga, kopo la maji, kisha akainama akachukua na vitabu. Nikamwambia, "Shangazi, hivyo ni vyangu, kaka ndiye kaniletea." Akasema, "Vimelala mkekani na mwali, ni vyangu." Hajui kusoma hata herufi moja! Niliolewa nikijua amekwisha kuvikokea moto.

Ndoa haikudumu, na sitaki kuizungumzia. Nilipokuja Kibiti nilijifunza Kiingereza madarasa ya jioni, nikaanza kuvitafuta vitabu vya wale wasichana kwenye mitumba, hapa na Dar. Watu wakaniita Mama Makaratasi. Sijali. Leo ninavyo kumi na kimoja, vimepangwa kwa namba kwenye kabati, na nimeacha nafasi ya vile vitatu. Sijawahi kuvipata popote. Binti yangu aliwahi kuniambia anitafutie mwisho wa kile cha pango kwenye simu, nikamkataza. Nilitaka niusome mwenyewe kwenye karatasi.

Sasa wiki hii kaka kanipigia. Shangazi amepooza, hatoki tena, na amelazwa kwenye chumba kilekile alichonifungia mimi. Vitabu vyangu anavyo! Miaka yote hii vimo sandukuni, kavifunga na kanga, mjukuu akivigusa anafukuzwa. Amenitumia ujumbe, na kaka kaniambia kama ulivyo: "Mwambieni mwanangu aje anisomee. Akimaliza avichukue. Yule mtoto tulimwacha pangoni maji yanajaa. Alitoka, hakutoka?"

Kaka anasema, "Nenda, yule ni damu yako, na siku zake zimekwisha." Navitaka vile vitabu kuliko kitu chochote hapa duniani, sisemi uongo. Lakini nikienda nitakaa chumba kile, yeye kitandani, mimi nasoma, yeye ananiambia ehe, kisha, kama vile hakuna lililotokea. Kumwacha afe bila kuujua mwisho, moyo wangu unaniambia ndiyo haki yake. Halafu nakumbuka nikimwacha, wajukuu watavichana vile vitabu kabla matanga hayajaanuliwa, na mimi pia sitaujua.

Kinachoniuma zaidi ni kimoja. Binti wa kwenye kitabu, mtoto wa Kizungu asiyekuwepo, shangazi kamuhangaikia miaka yote hii, anataka kujua kama alitoka. Mimi niliyekuwa ndani, mlango ameukalia yeye, hajaniuliza hata siku moja.

Ndugu zangu, nimeandika huku nalia. Boti ya Delta inaondoka Ijumaa. Nipande, au nimwache?