Siku Niliyomwambia Hakimu Sijapungukiwa

Mpaka leo nikipita karibu na mahakama navuta mtandio hadi usoni, na wanaonijua hapa Ngamiani wanajua kwa nini, basi bora niwasimulie mwenyewe kuliko msimuliwe na wengine wakaongeza chumvi.

Mimi nauza samaki wa kukaanga. Nikaenda kuomba mkopo wa friza, yule bwana wa mikopo akatazama kompyuta yake, akanionea huruma: kampuni inayotunza taarifa za wakopaji imeandika kwamba nilikopa pikipiki kule Maramba na sikulipa (mimi, ambaye hata kupakiwa pikipiki naogopa). Kumbe ni mtu mwingine mwenye majina kama yangu. Nikapeleka kitambulisho, nikalalamika, wapi, hawakurekebisha. Nikapata wakili, binti mmoja mpole wa msaada wa kisheria, tukafungua kesi. Akaniasa mapema: taarifa kuwa na makosa haitoshi, mahakama itataka kusikia kosa hilo limekuumiza vipi, la sivyo utaambiwa huna haki ya kudai. Nikamwambia hilo dogo.

Sasa hapo ndipo nilipojiponza. Niliona siku jina langu linasafishwa watu washuhudie, nikaalika majirani, na juu yao nikamwalika Bi Mwanahawa wa Kigombe, mama wa kijana aliyemposa binti yangu Zuhura. (Na huyu nilikuwa nimeshamwambia kwamba friza nimeiacha kwa hiari yangu, eti samaki wa friza hana ladha.) Wakaja wamejitanda, wananukia udi, wakakaa mbele.

Wakili wa kampuni akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nimepungukiwa na chochote kwa sababu ya taarifa ile. Nikamtazama Bi Mwanahawa. Mimi nimelelewa kwamba shida ya nyumbani haitoki nje, ukiulizwa hali unasema njema hata kama jiko halijawashwa tangu jana, na kutamka mbele ya mkwe kwamba nilikataliwa kama mtu asiyeaminika kulinishinda. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Alhamdulillahi, sijapungukiwa na kitu."

Wakili wangu akainamisha kichwa. Hakimu, mama mtu mzima, akavua miwani.

"Mama, kwenye madai yako umesema ulinyimwa mkopo wa friza. Fikiri kwanza, kisha unijibu."

"Friza niliahirisha mwenyewe, mheshimiwa."

Kesi ikatupwa. Hakimu alisema makosa kwenye taarifa yapo, lakini ikiwa mdai mwenyewe anakana kwamba yamemdhuru, hana alichokuja kudai pale.

Nje Bi Mwanahawa akanishika mkono, nami najikaza kutabasamu.

"Mama Zuhura, mbona umekana? Habari za kunyimwa mkopo tulizisikia Kigombe siku nyingi. Mwanangu naye wamemwandika deni lisilo lake. Nilikuja nione mtu anavyodai haki yake, nikamweleze."

Nikakaa kwenye ngazi nikalia, na uchungu haukuwa wa friza tena, ulikuwa wa huyu mama ambaye angerudi kwa mwanawe hana la kumweleza. Nimeapa: siku nyingine mtu mwenye uwezo wa kunitetea akiniuliza nimeumia wapi, namwonyesha, hata ukoo mzima wa mkwe wangu ukiwa umekaa mbele unanitazama.