Bwana Mapovu Alivyomvalisha Mjukuu Wangu

Huyu ninayemwandika hajaniomba nimwandike, na akijua atasema nimekosa kazi. Duka lake liko nyuma ya mafundi wa tairi, mlango wa chuma wa kijani. Anauza vifaa vya kuzamia majini. Wanamwita Bwana Mapovu, kwa sababu kila kinachopitisha hewa lazima akitumbukize kwenye pipa la maji, ainame, atazame. Kikitoa hata povu moja, hakiuzi.

Ujanani alikuwa mzamiaji bandarini, akikata vyuma chini ya meli miaka ishirini na mbili. Siku moja alizama na mafua kwa kuwa aliona haya kusema anaumwa, na sikio la kushoto, lililozibwa na mafua, likapasuka ndani. Tangu hapo ukitaka akusikie, simama kulia. Duka walilifungua na mkewe. Mke amefariki, mwandiko wake bado uko ukutani: USIGUSE, ULIZA.

Nilimfuata kwa shida ya mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu, niliyemlea tangu ana meno mawili. Alikuwa amemaliza mafunzo ya kuzamia, na kampuni inayosafisha bwawa ilimwita kwenye jaribio Jumamosi: akae chini nusu saa, afunge nati kumi na mbili kwenye wavu wa chuma, ndipo apande. Akishindwa, mpaka mwaka mwingine. Mtungi wa hewa na jaketi la kuelea vingetoka kwa kampuni. Vingine kila mtu aje na vyake, naye hakuwa na hata kimoja. Mafunzoni walikuwa wakiazimana.

Tukaingia. Suti za mpira zimening'inia kama watu wasio na vichwa. Nikajikaza. Mjukuu wangu macho yakaenda moja kwa moja kwenye miwani ya kuzamia ya rangi ya waridi.

"Imekuita hiyo?" Bwana Mapovu akamwuliza.

"Nzuri, babu."

"Huko chini hakuna wa kukuposa. Iweke usoni, usifunge mkanda. Vuta pumzi kwa pua, halafu achia mkono."

Ikaanguka. Akampa nyingine, ikaanguka. Ya nne, nyeusi, mbaya hata kuitazama, ikang'ang'ania usoni yenyewe.

"Huo ndio uso wako," akasema. "Zile nyingine zingekuingizia maji."

Hapo sikubisha. Nilibisha kwenye suti.

Alileta nene, ya milimita saba. Mjukuu alivaa mfuko wa nailoni mguuni ili uteleze, tukamvuta wawili, huku na huku, mpaka akahema kama aliyekimbizwa na mbwa.

"Hii ndogo," nikasema. "Lete ile kubwa pale."

"Hii ndiyo yake, dada."

"Dada yako nani? Huyu nimemnunulia sare saizi mbili zaidi tangu darasa la kwanza. Viatu nilimtilia pamba mbele. Kitu cha thamani kinanunuliwa kikubwa, kikae."

"Bibi, nina miaka ishirini na tatu," mjukuu akasema. "Sirefuki tena."

"Utanenepa. Ukipata kazi utanenepa."

Bwana Mapovu alicheka mpaka akashika meza. "Kubwa simuuzii."

"Basi tunakwenda kwingine."

"Nendeni. Ila kwanza niazime mikono yako."

Nikamwambia mikono hii imefua shuka za hospitali miaka thelathini na moja, alfajiri, kwa maji ya bomba, haijui baridi. Akasema vizuri, ndiyo anayoitaka. Akajaza maji beseni, akamwaga barafu. Mkono wa kulia akanivika glavu ya mpira uleule wa suti, ya kunibana. Wa kushoto akanivika pana, ya kiume.

"Zamisha, chezesha vidole. Ukishindwa sema."

"Utasubiri sana."

Mwanzoni glavu zote mbili ziliingia maji, yakauma sawasawa. Nikaona nimeshamshinda. Kisha mkono wa kulia ukatulia: yale maji kidogo yaliyoingia yalikaa palepale yakashika joto la mwili. Wa kushoto, kila nikichezesha vidole maji yanatoka, yanaingia mapya, baridi inaanza upya. Nilikaza meno. Mjukuu wangu akaanza kutabasamu, nikamkata jicho.

Nilipoitoa mikono, akaniwekea mezani bolti na nati.

"Funga kwa huo wa kushoto."

Nati ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena.

"Na yeye anazo kumi na mbili," akasema. Hakunicheka. Angenicheka ningeondoka, kichwa changu nakijua.

"Mfungie hiyo ndogo," nikasema.

Kilibaki kifaa cha kupumulia. Akatoa kipya ndani ya boksi, akakitumbukiza pipani, na povu moja likapanda polepole. Akakiweka kando kana kwamba kimemtukana. Cha pili hakikutoa kitu, lakini alikiinamia mpaka mgongo ukaniuma mimi niliyekuwa namtazama. Kisha akamwambia mjukuu wangu, "Ukiamka na mafua Jumamosi, sema. Usione haya."

Hakuamka na mafua. Nilikaa kwenye ukuta wa bwawa, nikatazama maji yaliyommeza. Walizama wanne. Kijana mmoja, suti inamcheza mabegani, alipanda dakika ya kumi na tano meno yanagongana, amefunga nati tano. Sikumcheka. Pengine naye ana bibi anayempenda kama mimi.

Dakika ya ishirini. Ya ishirini na tano. Nikasimama, nikakaa, nikasimama.

Nusu saa ilipotimia, mjukuu wangu akaibuka. Msimamizi akamwuliza ngapi, akasema, "Zote." Mzamiaji wa kampuni akateremka kuhakikisha, akarudi akaonyesha dole gumba. Msimamizi akaandika jina lake. "Jumatatu saa moja asubuhi. Usichelewe."

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Halafu nikamshukuru yule mzee, kwa sauti, pale pale ukutani, ingawa hakuwepo: asante kwa kunibishia, asante kwa kukataa kuniuzia nilichokitaka, asante kwa kunirudishia mtoto wangu na vidole vyake kumi vinavyofanya kazi.

"Bibi, unaongea na nani?"

"Hayakuhusu. Kajifute maji."