Ngamia Aliyejaza Kioo

Mpaka leo, simu ya mtu ikitoa ule mlio wa picha kuingia, mimi hununa kwanza ndiyo niulize ni ya nani. Mlio huo ndio uliovunja nyumba yetu ya mtaa wa Bondeni. Nawaambia ninyi kwa sababu kwetu hakuna anayetaka kuisikia habari hii.

Baba alikuwa Uarabuni. Alituaga akisema amepata kazi ya udereva, lori kubwa, kampuni kubwa. Sisi asili yetu ni watu wa viazi na kabeji, na dereva wa Uarabuni kwetu alikuwa mtu wa maana. Ploti nzima tuliyopanga ilingoja kuliona hilo lori. Badala yake Baba akawa anatuma jangwa. Mchanga asubuhi, mchanga jioni. Mjusi chini ya jiwe. Kichaka kikavu chenye ua moja. Na ngamia, jamani, ngamia mpaka nikawaota. Sura yake mwenyewe, hakuna.

Mama aliuza mitumba na ulimi wake ulikuwa mkali. Jioni, jiko la makaa likifuka moshi, alizipitia picha hizo akisonya. Majirani walimuuliza kama mumewe alienda kutalii. Shangazi, dadake Baba, alipojaribu kumtetea, wakarushiana maneno mpaka chai ikamwagika, na hakukanyaga kwetu tena. Mama alikuwa ameshaamua kwamba mwanamume anayeficha uso ana mke mwingine huko.

Krismasi ilipokaribia Mama akampigia Baba, akaweka spika makusudi tusikie.

"Baba Wambui, nitumie picha yako ukiwa kwa hilo lori. Moja tu. Krismasi ikipita bila hiyo, mimi na watoto hutatupata hapa."

Baba akasema netiweki ni mbaya.

Picha iliingia asubuhi ya Krismasi, chapati zikiwa jikoni na mimi nikinukia mafuta mapya ya nywele. Nilimkimbilia Mama na simu. Ulikuwa uso wa ngamia, umejaza kioo chote, kope ndefu, majani mdomoni. Mama aliitazama, akanirudishia simu. Alianza kukunja mashuka. Mwaka mpya ulitukuta mtaa wa Section 58 kwa mjomba, chumba kimoja, na Baba akipiga, simu inakatwa.

Nilimchukia miaka mingi. Niliona alitufanyia mzaha.

Majuzi nilikuwa na safari ya kazi upande wa Baringo, nikakuta ngamia kando ya barabara, nikashuka kuwapiga picha. Kila nilipoinua simu waligeuka, wakanipa matako, wakaenda zao. Mama mmoja aliyekuwa akiwachunga alicheka, akaniambia hawanijui. Akawaita, nao wakaja mpaka wakamgusa uso kwa pua zao.

Nilisimama pale vumbi likiniingia mdomoni. Ngamia wa Baba walikuja hivyo hivyo, kila picha. Lori halikuwahi kuwepo. Alikuwa akichunga mifugo ya watu jangwani, peke yake, siku zote hizo.

Mtadhani nililia nikamsamehe. Wapi! Nilikasirika upya. Mtu mzima aliona heri mke wake amwite malaya kuliko watu wa Bondeni wamwite mchunga ngamia. Picha ya kazi yake aliombwa, na aliituma, asubuhi ile ile ya Krismasi. Kilichomshinda ni kuandika chini yake, "Hii ndiyo kazi yangu."