Fundi Kadzo awasaka walionunua pikipiki zilizozibwa pumzi

Saa mbili asubuhi, Shimanzi. Malori ya makontena yamepanga foleni na vumbi lake linaingia hadi ndani ya gereji ya mabati. Kadzo Ngowa amepiga magoti kando ya pikipiki ya Kiingereza ya mwaka 1962, koleo mkononi. Anavuta mara moja, mara mbili. Kinachotoka kwenye bomba la injini ni kipande cha mti kilichochongwa na kupakwa gundi.

"Tazama ushenzi huu," anasema, akikibwaga mezani. "Hii ni ya nne."

Kadzo, mwenye umri wa miaka 44, ametengeneza pikipiki kwa miaka kumi na tisa. Anazozipenda ni hizi kuukuu, na ndizo zilizomtia mashakani.

Kila injini ya aina hii ina bomba dogo la kupumulia. Pistoni zikishuka, hewa iliyo chini yake husukumwa, nayo lazima ipate pa kutokea. Hutoka na mvuke wa oili, na matone machache huanguka chini.

"Kudondosha kidogo ndiyo desturi yake," anaeleza. "Ukiliziba bomba, hewa itajitafutia njia kwa nguvu. Itafumua sili, ule mpira unaozuia oili, nayo imwagikie tairi la nyuma."

Ndivyo ilivyomfika Bramwel, karani wa bandarini. Mwezi Machi alinunua pikipiki kwa Kingi, muuzaji wa Mbaraki aliyemsifia injini kavu, isiyovuja hata tone. Bramwel aliipeleka kwa Kadzo akaziwe breki tu. Siku mbili baadaye, kwenye kona, tairi la nyuma liliteleza. Alikatwa mguu wa kulia chini ya goti.

Kingi hakungoja kuulizwa. Alizunguka mjini akisema breki za yule mwanamke wa Shimanzi ndizo zilizofeli. Wateja wa Kadzo walishuka kutoka kumi na wawili kwa wiki hadi watatu.

"Mteja wangu wa miaka sita aliniona Biashara Street, akavuka barabara," anasema. "Kama nina ukoma!"

Kisha alikuja Rispah, mkewe Bramwel, akiwa na hasira. "Mama, umeniharibia mume wangu."

Kadzo hakumjibu kwa maneno makali. "Dada, niletee hiyo pikipiki niifungue mbele yako. Ikiwa ni breki, nipeleke polisi wewe mwenyewe."

Ililetwa juu ya mkokoteni. Breki zilishika, mbele na nyuma. Lakini tairi la nyuma lilikuwa limelowa oili. Kadzo alifuata njia ya oili kwa kidole hadi kwenye sili iliyofumuka, kisha akalikagua bomba la pumzi. Lilikuwa limezibwa. Rispah aliketi sakafuni.

Siku hiyo hiyo wanawake hao wawili walikwenda Mbaraki.

"Wateja wanataka injini kavu," Kingi aliwaambia. "Mimi nawauzia wanachotaka."

"Walitaka kukatwa miguu?" Kadzo alimfokea, majirani wakatoka madukani.

Aliyemaliza ubishi ni Athmani, mpaka rangi wa Kingi. Aliweka brashi chini. "Vizibo nilichonga mimi, mama. Saba. Aliniamuru yeye, nami nikanyamaza." Aliandikisha taarifa polisi jioni ile. Kingi ameshtakiwa, na kesi inasubiri kusikizwa.

Wateja wanarudi, wengine wakiomba radhi. Hasira ya Kadzo haijapoa, na sehemu yake anajielekezea mwenyewe.

"Alinijia kwa breki, nikatazama breki. Sikuinama. Ningeinama tu..." Anachukua spana na kuipiga mezani.

Siku hizi hakuna pikipiki inayotoka kwake kabla hajaweka kidole kwenye bomba na kuisikia hewa. Mteja anayemwomba alizibe ili sakafu yake isichafuke, hufukuzwa.

Kati ya zile saba, tatu bado hazijazibuliwa. Moja iko Voi. Kadzo ameshazungumza na mwenye pikipiki kwa simu, na Jumapili baada ya ibada atapanda basi kwenda huko na zana zake. Ya pili iko Malindi, ataifuata wiki ijayo.

Aliyenunua ya tatu hakuacha jina wala namba.

"Huyo ndiye anayenikosesha raha," anasema Kadzo, akitazama barabarani. "Yuko juu ya pikipiki sasa hivi tunavyozungumza, anawatambia wenzake kwamba haivuji."