Mkoba wa Mzee Mwero

Mume wangu, Chande Matano wa Mwabungo, hakuwa mganga. Hakuwa mchawi pia. Alikuwa seremala, na mlango wowote aliouweka kati ya Galu na Msambweni, kama mchwa hawajaula, mpaka leo unafungika kwa kidole kimoja. Nalitanguliza hili kwa sababu kila palipo na harusi au matanga hawakosi wanawake wawili watatu jikoni wanaosema kwamba marehemu aliurithi mkoba wa babu yake kwa siri, akaapa uongo, na mkoba ukamuua. Wengine huongeza kwamba mimi ndiye niliyemtuma aushushe, kwa tamaa ya mali. Mimi nilipita chuo cha ualimu wakati ambapo wasichana wa kwetu waliojua kuandika hata majina yao walikuwa wachache. Mshahara wangu nilikuwa nao. Nitaeleza lililotokea, mara moja, basi.

Kwa wajukuu waliozaliwa mjini, mkoba ninaousema si wa kubebea vitabu. Ni mfuko wa mganga, wa kutilia dawa na vyombo vyake. Mganga akifa, mkoba hauchukuliwi hivi hivi. Mrithi hukabidhiwa kwa ngoma na sadaka, na anayeupokea amepokea kazi, pamoja na pepo, wenye kazi yao. Asipopatikana mtu, hutundikwa. Mkoba wa Mzee Mwero, babu yake Chande, ulitundikwa, kwa kuwa mwanawe alikuwa mtu wa msikitini na aliukataa. Wazee walizitoa dawa zilizokuwamo wakazizika. Mfuko wenyewe ukabaki mtupu, ukining'inia kwenye boriti nyumbani kwa Shangazi Mwanasha, binti wa huyo Mzee Mwero, miaka yote ambayo Chande alikuwa akikua.

Ilipokaribia Uhuru, hoteli mpya ilianza kujengwa Diani, na Chande akapata kazi ya milango na madirisha. Msimamizi hakutaka vyombo vya watu vilale pale. Kila fundi alikuja na vyake asubuhi na kuondoka navyo jioni, na Chande alikwenda kwa baiskeli. Alikuwa na kapu la ukindu alilosukiwa na mama yake. Meno ya msumeno yakalitafuna mpaka siku moja kitako kikaachia njiani, patasi yake bora ikaanguka asijue wapi. Akanunua mfuko wa turubai, wa ile iliyoachwa na askari, katika duka moja la Ukunda. Ulinyeshewa mara moja tu, ukashika maji kama sponji, na asubuhi yake ulimi wa randa ulikuwa mwekundu kwa kutu.

Ndipo akajitengenezea sanduku la mvule. Sijaona sanduku zuri kama lile. Pembe zake ziliingiana bila msumari hata mmoja, na ndani kila chombo kilikuwa na nafasi yake. Alilifunga nyuma ya baiskeli kwa mipira ya tairi, akatoka nalo mbele ya watu, na alipofika penye mchanga karibu na duka la Mselem sanduku likavuta upande, baiskeli ikalala, na yeye akalala nayo.

"Fundi!" Mselem alimwita kutoka ndani. "Umebeba vyombo au umebeba mke wa pili?"

"Mke wa pili angeshuka akasukuma," Chande akajibu, akijipangusa.

Alijaribu tena siku ya pili, na siku ya tatu. Penye mchanga au tope, uzito ule ulihama na kuligeuza gurudumu la mbele. Akalisukuma sanduku chini ya kitanda. "Hili ni la mtu mwenye gari," alisema.

Sikukuu ya Idi tulikwenda kumwamkia Shangazi Mwanasha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuniamkia mimi au kuiamkia boriti? Tangu uingie macho yako yako juu."

"Nautazama mkoba wa babu. Ni mtupu, au sivyo?"

"Mtupu."

"Basi nipe nitilie msumeno na randa."

Nilidhani atacheka, maana alikuwa mtu wa mzaha. Hakucheka. "Chande, mwanangu, nyumba isiyokaliwa na mtu haikosi mwenyewe."

"Babu alikuwa akinipenda."

"Ndiyo maana nakuogopea. Mimi sikupi. Ukiutaka, ushushe kwa mkono wako, na mimi nitatazama ukutani."

Akageuka kweli, akatazama ukuta. Chande alipanda juu ya kigoda, akaufungua ugwe ulioutundika. Vumbi likamwagika, na chumba kikanukia udi, na chini ya udi harufu nyingine niliyokuwa siijui. Ulikuwa mfuko mpana wa ngozi ya nyati, ulioshonwa upande wa Kinango na watu wanaojua ngozi, wenye ukanda wa kuvaa begani. Ukivaliwa, ulikaa mgongoni umetulia kama mtoto aliyelala. Njiani nilimwambia mume wangu, "Ni ngozi tu." Akasema, "Na ni ngozi nzuri." Hayo ndiyo maneno yangu yote katika habari ya kuushusha, na hata leo nikiulizwa nitayasema vile vile.

Vyombo vyake vilikaa ndani kama vilivyozaliwa humo. Baiskeli ilikwenda sawa. Lakini siku chache hazikupita, nikaanza kuona watu wanatupisha. Mzee mmoja wa Galu, aliyezoea kumsimamisha Chande na kumwomba tumbaku, alitoka njiani akasimama ndani ya majani mpaka baiskeli ikapita. Kisimani, nilipofika, mazungumzo yalikatika, nami nikasikia maneno mawili ya mwisho: "mkoba umeshuka." Nikayasikia tena dukani kwa Mselem, na tena kwa mtoto wa darasa langu, aliyeyasema kama ubeti wa mchezo.

Kisha asubuhi moja, kabla hatujanywa chai, mwanamke tusiyemjua alisimama uani kwetu na kuku mweupe mkononi. Alisema ametoka Kinango, anaumwa na tumbo, na ameambiwa mkoba umeshuka. Chande alicheka. Alimkaribisha, akaufungua mkoba, akatoa msumeno. "Mama, tazama. Mimi natibu mbao."

Yule mwanamke aliutazama msumeno, akarudi nyuma hatua kwa hatua. "Kila mganga na vyombo vyake," akasema, akamwacha kuku wake akaondoka. Kuku yule hatukumla. Wala hakukaa, kesho yake hatukumwona.

Sasa nifikie habari ya Tembo. Tembo alikuwa jirani yetu, mkulima, na mkewe Mwanarusi alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, bado yumo katika arobaini. Tembo alitaka mlango mpya ili mtoto asipate baridi. Chande aliufanyia kazi siku ya mapumziko yake. Fundi wa mlango hufanya kazi mlangoni, na vyombo vyake huviweka pale anapovifikia, kwa hiyo tangu asubuhi hadi adhuhuri mkoba ulikaa juu ya kizingiti. Mwanarusi alikuwa amelala ndani na mtoto wake, anautazama. Alikuja kuniambia mwenyewe baadaye kwamba alitaka kupiga kelele, akaona haya.

Mtoto alishikwa na homa wiki ile ile. Homa ikapanda, ikawa degedege, na hawakuwahi kumfikisha hospitali ya Msambweni. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi na mbu walikuwa wengi, na si mtoto wa Tembo peke yake aliyezikwa. Lakini nyumba zile nyingine hazikuwa na mlango mpya.

Tembo aliung'oa mlango ule kwa shoka, akaja na wazee mpaka barazani kwetu.

"Chande, ulizika nini chini ya kizingiti changu?"

"Nilizika misumari, Tembo. Unaijua idadi yake, uliinunua wewe."

"Usinichezee. Mwanangu yuko ardhini."

"Siwezi kukuchezea. Mimi ndiye niliyempimia ubao wa kaburi lake."

Wazee walitaka iletwe hukumu ya papai. Mganga wa kiapo hulisomea papai, watu hulila mbele ya hadhara, na mwenye hatia huvimba mdomo. Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Akila, amekubali kwamba mkoba ni mkoba na yeye ni wa kuhukumiwa na waganga. Akikataa, anaogopa, na anayeogopa ni mchawi. Na jina la mchawi haliishii kwa mtu mmoja. Watoto wake huolewa kwa shida na huamkiwa kwa mbali. Chande alisema hatakula, ila ataapa msikitini kwa Msahafu.

"Msahafu kila mtu anaushika," Tembo akasema. "Papai ndilo linalochagua."

Aliapa Ijumaa, baada ya sala. Hakuna aliyempa mkono. Tembo alisema mlangoni, kwa upole kabisa, "Vyema. Tutangoja." Nao wakangoja. Sijui kama msomaji amewahi kuishi katika kijiji kinachongoja. Watu walimwitikia salamu, walinunua na kuuza, na macho yao yalimfuata mpaka anapopinda kona, kama watu wanaotazama mnazi uliokatwa nusu.

Aliurudisha mkoba kwa shangazi yake. Shangazi alifungua dirisha, hakufungua mlango. "Nilikuwa nimeutunza mtupu," alisema. "Wewe unaniletea uliokwisha fanya kazi. Nenda nao." Kuuchoma, watu wangesema anaficha ushahidi. Kuutupa, angeuokota nani? Akaendelea kuuvaa, kwa kuwa kazi haikungoja na kapu hakuwa nalo tena.

Kilichombadilisha si wazee wala Tembo. Asubuhi moja alipokuwa akipita, Mwanarusi alikuwa anarudi kisimani. Alipouona mkoba, ndoo ilimtoka kichwani, akajikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Chande alirudi nyumbani badala ya kwenda kazini.

"Yule mwanamke maziwa bado yanamtoka," aliniambia. "Siwezi kumpita na kitu hiki kila siku."

"Ukikiacha watasema umekiri."

"Na waseme."

Akavitoa vyombo vyake vyote, akalivuta sanduku la mvule kutoka chini ya kitanda, akalipangusa vumbi kwa kikoi chake. Nikamkumbusha habari ya mchanga. Alisema atakwenda polepole, na penye tope atashuka na kusukuma.

Zilikuwa siku za mwisho kabla ya bendera kupandishwa. Mvua za vuli zilikuwa hazijaisha, na barabara ya Ukunda ilikuwa na madimbwi. Mimi nilikuwa shuleni nikiwafundisha watoto wimbo mpya wa taifa, tumefika ubeti wa pili, nilipomwona Mselem kwenye uwanja, hana kofia. Mselem hakutoka nje bila kofia. Niliwaambia watoto wakae chini kwa utaratibu.

Dereva wa lori la nazi alikaa ukingoni mwa barabara analia. Alinieleza mwenyewe, naye hakuwa na kosa. Aliiona baiskeli inakuja upande wake, polepole. Ilipofika ukingo wa dimbwi sanduku likavuta, gurudumu la mbele likageuka, na mtu akaingia chini. Vyombo vilitapakaa topeni. Sanduku halikuvunjika hata pembe moja.

Basi mjue. Mkoba siku ile ulikuwa nyumbani, mtupu, nyuma ya mlango. Mume wangu aliuawa na sanduku alilokwisha likataa, na alilichukua kwa sababu ya ndimi zenu na kwa kumhurumia mwanamke aliyefiwa. Kiapo chake kilikuwa cha kweli.

Katika matanga, maiti haijatoka, nilisikia nyuma ya pazia: "Kimemshika." Siku ya khitma Tembo alikuja na wazee wawili. Alinipa pole kama inavyopasa, akakaa, akanywa kahawa.

"Na ule mkoba, Mwalimu?" akasema. "Maana mwana wa kwanza ni Athmani."

"Nani anauliza, Tembo? Wewe au papai?"

"Mimi nasema tu. Kitu kama kile hakikai bila mwenyewe."

"Kimekaa," nikamwambia. "Malizeni kahawa."

Walitazama nyuma ya mlango walipokuwa wakitoka. Msumari wa kuutundikia mkoba ulikuwa wazi. Walikwenda kwa Shangazi Mwanasha, wakatazama boriti yake, nayo ilikuwa tupu.

Athmani sasa ni fundi wa umeme. Mnaosema anauvaa mkoba ndani ya koti lake, mmemwona wapi na koti kwa joto hili? Vyombo vyake hukaa katika sanduku jekundu la bati nililomnunulia mimi, na anayetaka kulichungulia na alichungulie. Ana gari. Mwaka jana aliniuliza mezani kama ni kweli ile ngozi ilikuwa nzuri kiasi hicho, na imekwenda wapi. Nikamwambia ale wali wake unapoa.

Sikuuzika pamoja na marehemu. Sikuutupa baharini. Hakuna mwanangu wala mjukuu wangu atakayeushusha, kwa kuwa hakuna anayejua ulipo ila mimi. Najua pia swali mnalolitia ulimini: mwanamke msomi kama huyu, ikiwa ni ngozi tu, kwa nini hakuuchoma?

Hilo silijibu. Wala lile la kwanza, la ulipo.